Kanzu Nyeupe, Goti la Chuma

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha leo, na goti la Mahamudu limewaka moto. Sijui nianze na lipi.

Basi nianze na mimi. Naitwa Chadia, Mama Asani, wa hapa Kampemba, Lubumbashi. Babu yangu alitoka Kasongo kule Maniema, akanifundisha kuandika Kiswahili cha chuoni, na hicho ndicho ninachoandikia. Lakini watu wa Lubumbashi wakisema, nitawaandika wanavyosema. Nikimwandika mume wangu kwa Kiswahili cha babu, hata yeye mwenyewe hatajitambua.

Mahamudu ni fundi wa kanzu. Nusu ya wanaume wa msikiti wetu wameoa wakiwa ndani ya kanzu yake. Tangu nilipoingia nyumba hii kama bibi harusi, sauti ya cherehani yake haikukatika sebuleni, na goti lake la kulia ndilo lililolipa. Likaisha kabisa, mfupa kwa mfupa. Mwezi wa Septemba akawekewa goti la chuma, kwa bima ya kazi ya mwanetu Asani, aliye kule mgodini Kinsevere. Kidonda kikafunga vizuri, mwenyewe akaanza kujisifu kwamba Noeli haitamkuta kitini.

Leo ameamka goti limevimba, jekundu. Ukiliwekea kiganja unakiondoa haraka.

"Ni baridi ya mvua," akaniambia.

"Mvua iko inje, Baba Asani. Goti iko mu nyumba."

Akavuta shuka hadi shingoni. Asipobishana nami huyu, ujue anaumwa kweli.

Ijumaa, 7 Novemba

Tumekwenda kwa Dokta Delphine, ndiye aliyemwekea goti. Mwanamke mfupi, sauti kubwa, hajui kuzungusha maneno. Aliingiza sindano gotini, yakatoka maji mazito ya rangi ya maziwa yaliyolala. Nikageuza uso.

"Baba, bidudu biliingia mu goti," akasema. "Binajenga kinyumba ku chuma, binajifunika na butelezi. Dawa ya kawaida haibifikie."

"Basi mutoshe hiyo chuma!" nikadakia mimi. Nisingeweza kukaa kimya.

"Pole pole, Mama. Tukitosha chuma, pengine hatutapata namna ya kurudisha ingine. Muguu wake utabakia wima. Hataikunja tena." Akavuta kiti, akakaa karibu na Mahamudu. "Mais, lakini, tumebamba ugonjwa mbio. Tutafungua, tutanawisha mule ndani bien bien, tutabadilisha ile plastique ya katikati. Chuma tunaacha. Kisha dawa, miezi mingi. Bantu bengi banapona vile. Bengine hapana. Siwezi kukudanganya."

Mahamudu aliuliza kitu kimoja tu. "Na mashini?"

"Muguu ya wima haikanyage mashini, Baba."

Njiani kurudi alitazama goti lake tu. Mimi nilisema kwa wawili: juu ya mvua, juu ya mashimo ya barabara, juu ya bei ya unga.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimefua. Hakuna kilichokauka.

Jumanne, 11 Novemba

Wamemfungua leo. Nilingoja kwenye benchi na Mama Victorine, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Mkatoliki, watu wa Mitwaba, baba yake alifanya kazi ya reli. Yeye na rozari yake, mimi na tasbihi yangu.

"Kila mumoja apite na njia yake, Mama Asani," akasema. "Mungu atajibu ile itafika mbele."

Nilicheka mpaka muuguzi akatutazama vibaya. Nikamshukuru Victorine moyoni, maana dakika ile kama si kucheka ningepiga kelele.

Dokta Delphine akatoka, kofia mkononi. Wamesafisha vizuri, mfupa ni mzima, chuma kimeshika. "Miye nimemaliza yangu. Sasa ni kazi ya dawa, na ya ule mwenye kumeza."

Ijumaa, 14 Novemba

Bado amelazwa. Amelalamika supu ya hospitali haina chumvi. Atapona.

Jumanne, 25 Novemba

Yuko nyumbani, alhamdulillahi! Amekuja na aina mbili za vidonge, cheupe na chekundu, asubuhi na jioni. Dokta Delphine alivishika mkononi mbele yetu.

"Ile nyeupe ni muzuri. Mais hii nyekundu njo inaingia mule mu butelezi, ku chuma. Nyeupe peke yake haiwezi. Usiache hata moja bila kuniuliza, Baba. Umesikia?"

"Nimesikia," akajibu mume wangu, mpole kama mwanafunzi.

Alhamisi, 27 Novemba

"Chadia! Chadia! Niko natoka damu!"

Ananiita Mama Asani siku zote. Jina langu hulitumia akiogopa tu. Nikakimbia chooni na mwiko mkononi. Mkojo wake ulikuwa rangi ya chungwa bivu, unang'aa. Nikampigia dokta, mwiko bado mkononi, na yule mama akacheka!

"Ni rangi ya dawa. Mukojo, jasho, machozi, yote itakuwa vile. Nilisahau kubaambia, munisamehe."

Victorine naye alisikia kelele zetu, akaja kuthibitisha. Kaka yake alitumia dawa ya namna hiyo kwa kifua kikuu, akatoa machozi ya rangi kwenye msiba, watu wakamkimbia. Tukacheka tena, sote isipokuwa Mahamudu. Alikuwa anaitazama ndoo ya chooni.

Alhamisi, 4 Desemba

Basi nimepata adui mpya: madoa. Shingo ya kanzu, makwapa, mto wa kulalia, leso, yote rangi ya machungwa. Nimesugua kwa sabuni ya kipande, nimeloweka, nimechemsha kwenye makaa. Hayatoki. Na jua lenyewe liko wapi? Mvua inanyesha mchana, nguo zinanuka ukungu.

Nimeamua kuanika nyuma ya nyumba, karibu na choo. Mke wa fundi wa kanzu aanike kanzu za madoa upande wa barabara, watu wapite wakisoma? Sitaki.

Jumatano, 10 Desemba

Mvua. Doa. Mvua.

Alhamisi, 25 Desemba

Noeli ya Victorine. Kila mwaka analeta kuku wake mzima hapa kwetu, Mahamudu anamchinja, ndiyo sisi tuweze kula pamoja nao. Mwaka huu nilisema tumwite mtu mwingine. Mume wangu akakasirika. "Goti ni yangu ya chuma. Mukono ni ya nyama, iko muzima." Akachinja akiwa amekaa kitini, mguu mbele, bismillahi kwa sauti kubwa hadi mtaa ukasikia.

Tulikula mpaka tukashindwa kuinuka. Goti halina moto. Nimeligusa mara kadhaa akidhani ninampapasa kwa mapenzi. Na kweli yalikuwemo.

Ijumaa, 9 Januari

Damu imepimwa. Zile namba zinazoonyesha moto wa goti zimeshuka sana. Dokta Delphine ametabasamu, na huyo si mtu wa kutabasamu bure. Mahamudu ametembea kwa fimbo hadi msikitini, akaswali kitini. Nilimsindikiza kwa macho hadi kona. Mzee wangu mrembo bado.

Jumamosi, 17 Januari

Siku mbaya, na mbaya ni mimi.

Kwa kuwa hawezi kukanyaga cherehani, Mahamudu anatarizi shingo za kanzu kwa mkono. Leo alikuwa anamalizia ya bwana harusi mmoja, na bwana harusi mwenyewe amekaa pale anangoja. Joto kabla ya mvua, jasho likamtiririka, likadondoka kifuani mwa kitambaa. Doa la rangi ya chungwa, pale pale moyoni. Nami nilikuwa nimetoka kusugua tangu asubuhi, mikono imechubuka.

"Angalia sasa!" nikapaza sauti. "Jasho yako inaharibu mpaka banguo ya bantu! Nani atakuletea kazi tena?"

Bwana harusi akasema si kitu, Mama, si kitu. Mahamudu akakunja kile kitambaa polepole, akakata kingine, akaanza upya. Afadhali angenigombeza.

Jioni nilimpikia sombe, majani ya muhogo, na samaki, kama anavyopenda. Akala, akasema ahsante, akalala.

Alhamisi, 29 Januari

Mvua ya mawe. Bati limelia mpaka hatukusikizana. Mahamudu anasema yalikuwa mapumziko ya masikio yake.

Ijumaa, 6 Februari

Hakwenda msikitini. "Goti," akasema. Nikaligusa goti: baridi, zima. Lakini mtu akisema mwili wake umechoka, utambishia nini? Nikamwacha.

Jumanne, 17 Februari

Ramadhani inaingia kesho au keshokutwa. Nimempigia Dokta Delphine mapema, simu nikaiweka kwa sauti ili mwenyewe asikie. Hakuna kufunga, akasema, vidonge ni asubuhi na jioni, na maji anywe mengi.

Nilijiandaa kwa vita. Mahamudu hajaacha kufunga tangu utoto, alifunga hata mwaka ule wa malaria. Lakini akasema tu, "Sawa. Sitafunga." Nikamtazama. Mtu huyu amebishana nami hata juu ya chumvi, leo amekubali kwa neno moja. Nikajiambia, ukubwa umemfika. Nikafurahi.

Jumapili, 22 Februari

Amekwenda tarawehe kwa fimbo, uso mkunjufu. Kumbe Ramadhani ndiyo dawa.

Alhamisi, 26 Februari

Ajabu! Leo nimefua kanzu nne za Ramadhani, zile alizozitoa sandukuni, na shuka jipya, na zimetoka nyeupe. Nyeupe pe! Hakuna doa shingoni, hakuna kwapani. Ni ile sabuni mpya ya unga niliyonunua kwa mama wa kona. Nimeruka pale uani kama msichana. Nimewaonyesha wote waliopita.

"Sabuni gani hiyo?" akauliza Victorine juu ya ukuta. Mwanawe, Osée, anaendesha pikipiki ya abiria, na msimu huu wa mvua anarudi na udongo mwekundu mpaka kwenye kola.

"Nenda ku kona, utaniambia!"

Mahamudu alikuwa kibarazani. Nikamwinulia kanzu aione. Akatikisa kichwa, akatazama pembeni.

Jumatatu, 2 Machi

Victorine amenunua sabuni. Pakiti mbili.

Alhamisi, 5 Machi

Naandika mkono ukiwa mzito. Lakini nitaandika yote.

Mchana Victorine alikuja, mkononi shati la Osée, limelowa, jekundu vilevile.

"Mama Asani, sabuni yako ni bule! Nimesugua tangu asubuhi. Hata tope haitoke! Weye uliniambia inatosha mpaka doa ya dawa."

"Umetia kidogo."

"Kidogo? Nimemaliza pakiti!"

Tukaloweka pamoja. Tukasugua, wanawake wawili wazima, mikono minne. Udongo ukatucheka. Victorine akaenda zake akinung'unika, na mimi nikabaki nimeinamia beseni. Sabuni isiyotoa tope la barabara itatoaje rangi ambayo hata kuchemsha hakukuitoa? Nikahisi maji ya beseni yamekuwa baridi ghafla.

Sikutaka kuuliza. Ningemuuliza, angenijibu "niko nameza" na ningetaka kumwamini. Nilikwenda jikoni nikachukua vitunguu vya futari, vile vidogo vyekundu, vikali kuliko vyote, nikamwekea mbele na kisu.

"Baba Asani, unikatie. Niko na unga mu mikono."

Akashangaa, maana jikoni kwangu hagusi kitu. Lakini akakata. Fundi ni fundi, alivikata vyembamba kama uzi. Kitunguu cha pili macho yakaanza kububujika. Nikamtolea leso yake nyeupe kutoka mfukoni mwangu. Akajipangusa, jicho hili na lile, akanirudishia.

Nikaikunjua dirishani, kwenye mwanga. Maji matupu. Wala tone la rangi.

"Machozi yako iko nyeupe," nikasema.

Akaitazama leso. Akaweka kisu chini. Nilisikia mvua inaanza batini.

"Chadia," akasema.

Basi nikajua. Nilikaa juu ya kibao cha mbuzi.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi uliingia. Paka ile nyekundu, ile tu. Nyeupe niko nameza, naapa." Akajipangusa tena. "Mama Asani, ni Ramadhani. Nisimame mbele ya Mungu na nguo ya rangi ya mukojo? Kila nikisujudu ku kiti, naona ile doa, nasema swala yangu imeharibika, miye niko najisi. Ku msikiti nilianza kukaa nyuma kabisa, kiisha nikaacha kwenda. Nikasema nitaacha dawa huu mwezi moja tu, nikuwe safi, kisha nitarudilia."

"Na goti?"

"Goti ilikuwa imepona."

"Dokta alisema usiache bila kumuuliza!"

"Najua." Akageuza kitunguu mkononi. "Weye mwenyewe ulisema, jasho yangu inaharibu banguo ya bantu. Nikajiuliza, kama inaharibu banguo ya bantu, je, mbele ya Mungu?"

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekupa kipimo cha bega lako. Nilitaka kumpiga na kumkumbatia kwa mkono ule ule. Nililia, mimi ambaye sikukata kitunguu hata kimoja. Nikamwambia: "Nilikasirikia nguo, Baba Asani. Haki ya Mungu, siyo weye. Nguo ni nguo. Weye nitakununua wapi?"

Akanipa leso yake ile ile, imelowa vitunguu, ikaniunguza macho zaidi. Tukacheka kidogo, vibaya, kama watu waliobanwa mkono na mlango.

Kisha nikaweka kiganja gotini. Si baridi. Si moto wa Novemba, lakini si baridi.

Ijumaa, 6 Machi

Dokta Delphine alipiga kelele hadi wagonjwa wa nje wakanyamaza. Kisha akakaa, akafunga macho kidogo, akasema kwa sauti ndogo, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Baba, kama bidudu byenye bilibakia bimepata nafasi, bitajenga tena. Natosha damu leo. Namba ikipanda sana, hatutanawisha tena. Tutatosha chuma."

Mahamudu akasema, "Nimekosa." Basi. Chumba kizima kikamhurumia, nami wa kwanza.

Baada ya swala ya Ijumaa nikamwita Shehe Bilal nyumbani. Kijana, ndevu za kuhesabika, sokoni anauza vifuniko vya simu, na hana haya na mtu. Akasikiliza mwanzo hadi mwisho. Kisha akauliza:

"Baba, ulimuuliza nani?"

"Sikuuliza muntu."

"Njo makosa yako ya kwanza. Jasho ya muntu iko safi. Machozi iko safi. Hata ikuwe ya rangi gani, kijani, bluu! Mukojo ni mukojo, hata ukuwe mweupe sawa maji ya kisima, unatawaza, imekwisha. Rangi ya dawa haina kesi." Akamwinamia. "Mais kuacha dawa na kuharibu mwili wenye Mungu alikupa, ile, Baba, iko na kesi."

Mahamudu akavuta shingo ya kanzu yake. "Sikupenda bantu banione mu doa," akasema.

"Basi miye nitakaa pembeni yako. Kiti yako, mustari wa kwanza, siku ya Idi. Na unishonee kanzu, kwa mukono, shingo ya kutarizi sawa ya Maniema."

Alipotoka tu, mume wangu akameza kidonge chekundu mbele yangu, akafungua kinywa nikakagua. Hata chini ya ulimi.

Jumapili, 8 Machi

Doa limerudi kwenye shingo ya kanzu. Nimelibusu, chafu hivyo hivyo.

Jumatano, 11 Machi

Asani amepiga simu kutoka kazini, amemgombeza baba yake kwa heshima. Sijawahi kusikia mtu akigomba kwa "shikamoo" nyingi namna ile.

Jumamosi, 14 Machi

Majibu. Namba imepanda. Siyo sana, akasema Dokta Delphine, lakini imepanda. Hatafungua leo. Dawa iendelee, nyeupe na nyekundu, wapime tena baada ya Idi. Ikipanda tena, chuma kinatoka na mguu unabaki wima.

Nimekaa jioni namtazama anatarizi kanzu ya shehe. Cherehani iko pembeni, nimeifunika kitambaa tangu Septemba. Zamani ilinichosha kwa kelele, nilimwambia, wee bwana, nipe masikio yangu hata Jumapili. Leo ningeisikiliza mchana kutwa.

Nimemwomba Mungu kwa jina la goti lenyewe. La kulia, la chuma, la Mahamudu. Asije akachanganya.

Ijumaa, 20 Machi

Idi. Mvua ilituhurumia, ikangoja.

Alivaa kanzu mpya aliyojishonea. Nilimfunga vifungo mwenyewe. Shehe Bilal, ndani ya kanzu yake ya shingo ya Maniema, aliweka kiti mstari wa kwanza kama alivyoahidi. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, natazama kupitia uwazi wa pazia. Watu walijaa, joto likapanda, na kabla hotuba haijafika nusu nikaona shingo ya mume wangu inaanza kugeuka rangi. Kisha mgongo. Mtu wa nyuma yake akamnong'oneza mwenzake.

Mahamudu akageuka kitini, mzima mzima, akasema kwa sauti ya kuchinja kuku wa Noeli: "Ni dawa! Iko safi! Mumuulize shehe!"

Wanaume wakacheka, shehe naye akacheka juu ya mimbari. Wanawake wakanigeukia. Nikasema, "Ndiyo, ni wangu." Sijui kwa nini nilisema hivyo, lakini nilijiona nimeolewa upya.

Jumatano, 25 Machi

Damu imetolewa. Tungoje.

Nimefua. Sikusugua sana.

Jumatano, 8 Aprili

Imeshuka!

Dokta Delphine alisoma mara mbili ili asitudanganye. Imeshuka chini ya ile ya Januari. Goti baridi, kidonda kizima, linajikunja. Chuma kinabaki.

"Mais musicheze ngoma," akasema. "Dawa iko na miezi ingine. Na hata ikiisha, nitangojea. Mwaka muzima bila moto, njo nitasema umepona. Kuna bantu inarudia."

"Nitameza," akasema Mahamudu. "Hata ingekuwa ya kunigeuza miye mwenyewe rangi." Akakuna shavu. "Na mashini?"

Dokta akalikunja goti la Mahamudu, akalinyoosha, akalikunja tena. Akatutazama wote wawili.

"Ukanyage. Pole pole."

Njiani kurudi yeye ndiye aliyesema kwa wawili. Mimi nilikuwa nalia, nimejifunika kwa mtandio, nikidanganya kwamba ni vumbi. Vumbi gani, na barabara bado matope?

Jumapili, 12 Aprili

Mbingu imefunguka, nadhani mvua imetuaga. Leo nimefua kanzu ya Idi. Doa limekaa shingoni na mgongoni. Nimelisuuza tu, nikaikamua, nikaibeba mpaka mbele ya nyumba, nikaianika upande wa barabara, mikono imetandazwa, mgongo kwa wapita njia.

Victorine akachungulia juu ya ukuta.

"Mama Asani! Doa haikutoka!"

"Haikutoka," nikamwambia. "Nyamaza usikilize."

Akategesha sikio. Sebuleni cherehani ilikuwa inakwenda, inasimama, inakwenda tena.